Siku ya kwanza lokesheni: nilisikia kelele kwenye hedifoni nikanyamaza. Mngefanyaje?

Kimya_Kimya ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanagenzi kwenye kipindi kimoja cha televisheni, wiki ya pili sasa. Wiki ya kwanza yote nilikuwa ofisini nachaji betri na kubandika lebo kwenye kadi. Juzi ndiyo nimetoka lokesheni kwa mara ya kwanza, na nimerudi na jambo linaloninyima usingizi. Naomba mlio kwenye fani mnisaidie, ila mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirukia.

Tulikwenda kumrekodi mzee mmoja, fundi saa. Karakana yake ni chumba kidogo, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta mbili, na kila ukuta una saa. Za ukutani peke yake nilihesabu 11. Zote zinatembea, na hakuna mbili zinazogonga pamoja. Mwongozaji alifika mlangoni, akasimama, akasikiliza kidogo, akasema, "Hizi zote zisimame." Nikadhani mzee atakasirika. Wala. Alitafuta karatasi, akanipa mimi, akawa anazishika pendulamu moja moja kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kila akisimamisha moja ananitajia: "Ya mlangoni, saa tatu na dakika nne. Ya juu ya dirisha, saa tatu na dakika tano." Ili baadaye ajue kila moja imelala muda gani. Niliandika zote 11 bila kukosea, na hilo naomba lihesabiwe, maana baada ya hapo mambo yaliharibika.

Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nimelipiga pasi usiku, najua siku ya kwanza lazima mtu aonekane nadhifu. Mpiga picha alipoanza kupanga picha yake akaniita. "Kijana, hebu tazama hapa." Kwenye kioo cha kamera, nyuma ya bega la mzee, ndani ya kioo cha saa kubwa, nipo mimi. Nang'aa kuliko taa. Nikasogea kushoto, nikatokea kwenye saa nyingine. Nikarudi nyuma, nikawa kwenye mbili. Mwishowe nikaambiwa nikae chini nyuma ya meza ya kazi, mahali ambapo hakuna kioo kinachoniona. Na kwa kuwa niko chini na sina kazi, nikavishwa hedifoni. "Sikiliza. Ukisikia kitu kibaya, sema." Basi, mafunzo yakaishia hapo.

Fundi sauti wetu siku hiyo alipangiwa kwingine, kwa hiyo mpiga picha mwenyewe ndiye aliyembana mzee maiki ya kifuani. Maiki ya pili, ile ya fimbo, ikafungwa kwenye stendi juu ya kichwa chake.

Dakika 20 za kwanza, sauti safi. Sijawahi kumsikia binadamu kwa karibu vile. Nilimsikia akimeza mate. Nilisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa kabla hajatamka neno. Halafu mwongozaji akamuuliza nani alimfundisha kazi. Mzee akanyamaza. Ana kile kikombe kidogo cheusi cha jichoni, kile mafundi saa wanachotazamia, ambacho yeye amekifunga kamba na kukining'iniza shingoni. Akakishika, akaanza kukizungusha kwa vidole huku anasimulia habari za kaka yake, sasa ni marehemu, aliyemfundisha kufungua saa akiwa na miaka 9. Na kila kikombe kikigusa maiki: ko. Ko. Krrrr. Ko.

Kwenye hedifoni ilikuwa kama mtu anabisha hodi ndani ya fuvu langu. Nikamtazama mwongozaji, macho yako kwa mzee. Nikamtazama mpiga picha, jicho liko kwenye kamera. Picha yenyewe ilikuwa ya uso, imeishia mabegani, vidole havimo. Hakuna anayesikia ila mimi. Sauti ya mzee ikaanza kukwama. Neno limenijaa mdomoni, lakini nikajiambia: mtu anamlilia ndugu yake, halafu mtoto wa siku moja aibuke kutoka chini ya meza amwambie "samahani mzee, acha kuchezea hicho"? Nikanyamaza. Dakika nne na ushee.

Jioni ofisini wakasikiliza. Mhariri akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akageuka: "Nani alikuwa na hedifoni?" Nikanyoosha mkono. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mwongozaji alisema tu, "Tutaona kesho," akazima taa.

Sasa nauliza mambo mawili. Mngekuwa nyie mngesema, na mngesemaje? Na sauti ya namna hiyo inaokoleka?

---

Fimbo_Ndefu amejibu:

Pole mdogo wangu. Mimi nimeshika hiyo fimbo miaka 14 na bega la kulia linanikumbusha kila asubuhi, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza usilie kabla ya msiba. Umesema maiki zilikuwa mbili. Kila maiki hurekodiwa kwenye njia yake ya sauti: iliyo kifuani imeingia njia ya kwanza, ya juu imeingia njia ya pili, sivyo? Kesho asubuhi mwombe mhariri afungue njia ya pili peke yake. Kikombe kiligonga maiki ya kifuani kwa sababu kiliigusa kabisa. Ile ya juu iko hatua moja mbali, inachosikia ni kakelele kadogo ka plastiki hewani, pengine hata hakapo. Ndiyo maana tunaweka mbili. Watu hudhani ya pili ni ya kuongezea uzuri. Ya pili ni ya siku kama hiyo yako.

Pili, hizo sauti mbili ulizoziandika zina uzito tofauti. "Ko" ni fupi. Ikiangukia katikati ya maneno mawili, mhariri anaichomoa na hakuna atakayejua. "Krrrr" ndiyo mwiba. Ule mkwaruzo unakaa palepale masikio yanapopokelea maneno, ukiuchuja unachuja na mzee. Zipo programu zinazopunguza, lakini mara nyingi mtu anatoka hapo anaongea kama yuko ndani ya pipa.

Tatu, na hili ndilo la kukariri: kelele ile haikuanza alipotajwa kaka. Ilianza pale maiki ilipobanwa na mtu asitazame kingine kilichoning'inia kwenye kifua hichohicho. Mimi kabla sijambana mtu maiki naangalia shingo yake kama askari wa geti. Mkufu, miwani ya kamba, kitambulisho, kalamu ya mfukoni, ndevu ndefu, zipu ya koti. Kisha namwomba ageuke kushoto, kulia, ainame, acheke, na huku nimevaa hedifoni. Maiki inakaa kama shibiri moja chini ya kidevu, na waya wake unakunjwa kitanzi kidogo chini ya kibanio ili ukivutwa uvutike waya, isivutike maiki. Mzee wako angeombwa tu akihamishe kikombe mfukoni mpaka tumalize. Sekunde tano. Hakuna adabu iliyovunjika.

Alipokwisha kuanza kulia? Hapo mimi nisingemkatiza. Ningesubiri amalize, kisha ningemwambia mwongozaji sikioni, mzee asisikie, kwamba sehemu ile ya kaka ina kelele. Machozi hayarudiwi kwa agizo. Ila taarifa lazima ifike mkiwa bado mko palepale, na hapo ndipo ulipokosea. Kunyamaza dakika nne kunaeleweka. Ulinyamaza hadi jioni.

---

Bila_Sukari amejibu:

Aliyevaa hedifoni ndiye sikio la watazamaji wote. Umeambiwa "ukisikia kitu kibaya, sema." Umesikia. Hukusema. Mengine yote hapo juu ni mapambo. Ukiona haya, ivue umpe mwenzio.

Na shati jeupe lokesheni! Nani alikushauri?

---

Kisu_Butu amejibu:

Mimi ni mhariri. Yaani ndiye ninayeletewa maiti na kuambiwa "mpake poda kidogo, ataamka."

Fimbo_Ndefu kasema kweli kuhusu njia ya pili, ila niongeze upande wa mezani kwangu. Ukiikuta safi, usimwache mhariri aruke kutoka maiki hii kwenda ile katikati ya sentensi. Ya kifuani inamleta mzee hapa usoni, ya juu inamleta na chumba chake, hasa chumba chenye vioo 11 ukutani, sauti inadunda tu. Ukizibadilisha katikati ya neno mtazamaji hajui kilichotokea lakini anashtuka, kama umemhamisha kiti. Simulizi yote ya kaka, tangu swali mpaka mwisho, ikae kwenye maiki moja. Mtu atahisi tu kwamba mzee amesogea mbali kidogo, na kwa habari ile, pengine inamfaa.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Kelele ambayo chanzo chake kinaonekana, mtazamaji anaisamehe. Ile isiyoonekana ndiyo inayomsumbua. Ukimwonyesha vidole vinazungusha kikombe, ile "ko" inakuwa sehemu ya hadithi. Ukimwonyesha uso peke yake, "ko" inakuwa uzembe wetu. Kwa hiyo swali langu kwako: mpiga picha alichukua picha za kujazia za mikono? Nazungumzia picha ya karibu ya vidole na kile kikombe, hata sekunde 10. Kama ipo, mhariri wako analala vizuri leo.

La mwisho, nalo ndilo litakalokutia jasho. Mlirekodi ukimya wa chumba? Mkiwa mmemaliza mahojiano, saa bado zimesimama, kila mtu ametulia, mnaacha kamera inanasa hewa tu kwa dakika moja? Kila chumba kina ukimya wake. Nikichomoa "ko" moja panabaki shimo, na shimo la kimya kabisa linasikika kuliko kelele yenyewe. Lazima nilizibe kwa ukimya wa chumba kilekile. Naomba jibu liwe ndiyo.

Kuhusu saa, mwongozaji wako nampa tano. Saa inayogonga nyuma ya mahojiano ni adui asiye na jina. Nikikata sentensi moja katikati, mapigo yanaruka: tik, tak, tik, tik. Mtu mzima atavumilia upuuzi wowote kwenye televisheni ila siyo saa iliyokosea kuhesabu.

---

Kimya_Kimya ameandika:

Nimesoma mara mbili. Dada Fimbo_Ndefu, nashukuru, na hilo la kunyamaza hadi jioni limeniingia. Bila_Sukari, shati nilijishauri mwenyewe.

Kisu_Butu: picha za mikono zipo. Mpiga picha alichukua nyingi mzee akifungua saa, na mbili kati ya hizo amekishika kikombe. Ila ukimya wa chumba hatukurekodi. Kwanza sikujua kuna kitu kama hicho. Mahojiano yalipoisha mzee alisimama, akachukua karatasi yake mkononi mwangu, akaanza kuziamsha saa zake moja baada ya nyingine, na sisi tukawa tunakunja waya. Nakumbuka nilifurahia zile sauti zinavyorudi. Sasa nikifikiria nasikia tumbo linakaza.

---

Mama_Ratiba amejibu:

Nimetayarisha vipindi muda mrefu na nimewapokea vijana wengi wa mafunzo, kwa hiyo ngoja nimtetee huyu mmoja. Bila_Sukari, mwanangu, unasema kweli nusu. Kumvisha mtu hedifoni na kumwambia "ukisikia kitu kibaya" bila kumfundisha kitu kibaya kinafananaje, na bila kumwambia aseme kwa njia gani wakati mtu anaongea, ni kumpa usukani mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Lile kosa lina wenyewe, na mwanagenzi ni wa mwisho kwenye foleni.

Kwenye timu yangu tunapatana kabla kamera haijawashwa. Aliye kwenye sauti anakaa mahali mwongozaji anaweza kumwona kwa pembeni ya jicho, nje ya macho ya anayehojiwa. Akigusa sikio mara moja, maana yake "kuna kelele, endelea ila ujue." Akiinua kiganja, maana yake "mwisho wa sentensi hii simama." Hakuna anayesema neno. Anayehojiwa hata hajui. Mwongozaji ndiye anayeamua kama jambo linastahili kukatizwa au la, kwa sababu ndiye anayejua kama anacho tayari anachokitafuta. Wewe kazi yako ni kumfanya ajue. Uamuzi usijibebeshe.

Na wewe ulikuwa chini nyuma ya meza. Ungegusa sikio gani, aone nani?

Kijana, kesho usisubiri kuitwa. Nenda kwa mwongozaji mapema, mwambie mambo matatu kwa sentensi fupi: ulisikia, ulinyamaza kwa sababu hii, na unajua ukimya wa chumba haukurekodiwa. Jitolee kwenda kuurekodi. Usimpelekee kilio, mpelekee kazi.

---

Fimbo_Ndefu amejibu:

Ukienda kuurekodi, nenda saa ileile mliyorekodi. Asubuhi na jioni chumba hakisemi namna moja, barabara ya nje inabadilika. Saa zisimamishwe zote tena. Taa zile mlizowasha ziwashwe hata kama hamrekodi picha, baadhi ya taa zinavuma. Maiki ikae palepale ilipokuwa, na mzee awe ndani ya chumba, kwa sababu mwili wa mtu nao unameza sauti. Vaa nguo isiyokwaruza, vua viatu ukiweza, na simu izimwe kabisa. Usiiache kwenye mtetemo, ule mtetemo juu ya meza ya mbao unasikika kama trekta.

Kama kuna friji au feni unayoizima, weka ufunguo wa gari juu yake. Hamtaondoka bila kuiwasha. Huo ujanja ni wa zamani na bado unaniokoa.

---

Kimya_Kimya ameandika:

Naleta mrejesho, maana mlinishika mkono.

Nilifika ofisini kabla ya watu. Mwongozaji aliponikuta mlangoni nilimwambia kama Mama_Ratiba alivyonielekeza, nikasahau sentensi ya pili, nikaenda moja kwa moja kwenye ya tatu. Akanitazama. Akauliza, "Nani kakwambia habari za ukimya wa chumba?" Nikamwambia nimeuliza watu. Akaenda kwa mhariri, wakafungua njia ya pili. Mzee yuko mbali kidogo, ana mwangwi kidogo, lakini maneno yote yapo, na kikombe kinasikika mara mbili tu, kidogo sana. Mhariri akatumia hiyohiyo kwa simulizi nzima ya kaka. Kwenye zile mbili akaweka picha ya vidole, akaacha "ko" zake zisikike. Niliitazama. Ukiwa hujui, unadhani tulipanga.

Yalibaki mashimo machache kwenye sehemu nyingine. Kwa hiyo jana tulirudi, mimi na fundi sauti. Shati jeusi. Soksi. Saa tatu asubuhi. Mzee alicheka alipoambiwa tumekuja kurekodi kimya chake, akasema wateja wake wote huja kulalamika kwamba saa imenyamaza, sisi ni wa kwanza kuja kuuomba huo unyamavu. Nikaandika tena karatasi ya zile saa 11. Safari hii aliniacha nizishike tatu mwenyewe. Ukiishika pendulamu kwa nguvu saa nzima inatikisika ukutani. Inatakiwa uitangulize kidole inakokwenda, ikufuate, ikutulie mkononi.

Fundi sauti akaniweka hedifoni, akaniambia niseme nikisikia kitu. Tukarekodi. Sekunde ya 20 hivi nikasikia kamlio kembamba, kama mbu wa mbali. Nikainua kiganja. Akasimamisha bila kuniuliza. Ilikuwa chaja ya mzee kwenye soketi ya chini ya meza, palepale nilipokuwa nimekaa siku ile. Tukaichomoa, tukaanza upya.

Mara ya pili nilifumba macho. Mzee alikaa kwenye stuli yake, mikono magotini, kikombe mfukoni. Hakuna saa iliyokuwa inatembea chumbani humo, na ya mkononi yeye havai. Nikiwa bado nasikiliza, akasema polepole, "Dakika."

Nikafumbua macho, nikatazama kinasa sauti. Sekunde 61. Nikamwambia amezidisha moja. Akasema hiyo moja ni ya kufungulia mdomo.

Alhamisi tunatoka tena. Nimeshapatana na mwongozaji: sikio mara moja, na kiganja.